Siku Niliyofunga Chakula Kabla Hakijafunguliwa

Jamani, mtu akiaibika mbele ya watu wawili watatu anaweza kuhama akakae mahali wasipomjua (na mimi kuhama ndiyo kazi yangu, wanaonijua wanajua), lakini aibu yangu ya mchana ule ilipanda mtumbwi ikanitangulia, hata nilipoteremka Kipini kununua nazi, siku nyingi baadaye, mwanamke muuza nazi alinitazama usoni, akanitazama tena, akasema, "Si wewe uliyewashibisha watu kwa maneno matupu?" Nikachukua nazi zangu nikaondoka, sikugeuka nyuma. Basi kwa kuwa wanaonicheka wanaijua nusu tu, tena nusu mbaya, acheni niisimulie yote mwenyewe.

Ni mambo ya zamani, miaka ile reli ilipokwisha kufika ziwani na sisi vibarua tukaambiwa kazi imeisha, kila mtu arudi kwao. Mimi nilikuwa nimesoma skuli ya misheni ya Kilutheri, hapo chini ya Garsen, mpaka darasa la mwisho lililokuwapo, kisha miguu ikaniwasha, nikaenda Lamu, nikaenda Unguja, nikaishia kwenye reli, na huko kote nilikuwa nikiota mto wetu, ule udongo mweusi unavyonuka maji yakishapungua na watu wanaanza kupanda mpunga. Nikarudi. Na niliporudi nikamkuta Debora, binti wa Mzee Yona, ambaye nilimwacha msichana wa kubishana na watu kisimani, sasa amekuwa mwanamke wa kubishana na watu kisimani, na sijui nieleze vipi, lakini nilijua kwamba nikimkosa huyu nitarudi kuzunguka dunia na safari hii sitarudi.

Mzee Yona alikuwa katika wale wa mwanzo kabisa kubatizwa kijijini, na kama mnavyowajua wale wa mwanzo, dini yao hawakuivaa Jumapili tu. Nyumbani kwake chakula kilikuwa na milango miwili. Mlango wa kuingilia ilikuwa sala ya kabla ya kula, ile inayosema jinsi viumbe vyote vinavyomtazama Mungu avilishe, na kabla ya sala hiyo kawa la kufunikia sinia halifunuliwi hata kama unakufa. Mlango wa kutokea ilikuwa sala ya baada ya kula, ile ya kumshukuru Mungu kwa kuwa ametulisha na tumeshiba, na baada ya sala hiyo kawa hurudi juu ya sinia na mkekani hakuna anayetia mkono tena, hata kama kimebaki kipande cha kambare chenye mafuta kinachokutazama. Ndivyo tulivyofundishwa sote misheni, mikono imefumbatwa, macho yamefungwa, lakini nyumba nyingi walikuwa wakilegeza. Mzee Yona hakulegeza.

Mjomba wangu Komora ndiye aliyekuwa aninenee posa. Mjomba hakuwa mtu wa kanisa wala wa msikiti, alikuwa mtu wa chakula, tena mkweli kupita kiasi. Tulitoka Garsen asubuhi kwa mtumbwi, yeye nyuma ameshika pondo la kusukumia, mimi mbele, na njiani nikamtolea ndizi mbivu akakataa.

"Kuna mtu huenda ukweni na tumbo limejaa? Mama Debora anapika wali wa mpunga mpya. Mimi tangu jana mchana sijatia kitu, nimeuwekea nafasi."

Kisha akaniambia neno ambalo laiti ningelishika. Akasema, "Sikiliza, mwanangu. Yona ameniambia wazi. Ameniambia, kijana wako ametembea mno, mimi sijui kama huko alikotembea Mungu alikwenda naye, kwa hiyo siku mtakayokuja yeye ndiye atakayeombea chakula, na hapo nitamjua. Sasa pale mbele kuna nyumba ya mwalimu wako wa zamani. Tushuke kidogo, ukumbushwe hayo maneno, kisha twende."

Nikacheka. (Nikikumbuka kicheko kile natamani kujizamisha.) Nikamwambia, "Mjomba, sala ya chakula? Sala niliyoisema tangu sijaota meno ya mbele? Piga pondo, twende zetu."

Basi. Ndilo kosa lenyewe, hakuna jingine, mengine yote yalijizaa humo. Kwa sababu ukweli ni kwamba kwenye reli hatukuwa tukiomba chakula. Kule ukifumba macho unayafumbua sahani iko tupu. Na hata nilipokuwa skuli, ile sala ya kwanza sikuwa nikiisikiliza, nilikuwa nikisikiliza harufu, lakini ya pili niliipenda, niliisema kwa sauti kuliko wote, maana ile ndiyo iliyotufungulia mlango tukimbilie mtoni kuogelea. Sasa miaka kumi na kitu imepita, kichwani imebaki ipi? Mwajua wenyewe.

Tulifika jua likiwa juu. Tukapokewa vizuri, tukanawishwa mikono, tukakalishwa mkekani, Mzee Yona upande mmoja na vijana wake, sisi upande wa pili. Debora akaleta sinia, limefunikwa kawa jipya, na pembeni ya kawa mvuke unatoroka kidogo kidogo, mvuke wa wali mpya na kambare wa nazi, na nazi mtoni kwetu si kitu cha kila siku, ilitoka Kipini, kwa hiyo nikajua Mama Debora ameamua kutuheshimu. Debora akapiga magoti, mkono juu ya kawa, akingoja. Akaniangalia mara moja tu, jicho la kuniambia usiniaibishe.

Mzee Yona akasema, "Haya, mgeni wetu. Tufungulie."

Nikafumbata mikono, nikafumba macho, nikavuta pumzi ya mtu aliyetembea dunia, na nikaanza. Na ilitoka, jamani! Ilitoka kama maji ya mafuriko. Nilimshukuru Mungu kwa wema wake, nikamshukuru kwa kulisha wanyama wa mwituni na makinda ya kunguru, sauti yangu mwenyewe ikanipendeza, nikaongeza pambo hapa na pale, na nilipofika pale pa kusema tunakushukuru kwa kuwa umetulisha na matumbo yetu yameshiba, tumbo la Mjomba Komora likaunguruma. Si kuunguruma kwa siri. Liliunguruma kama kiboko anayeota jua, refu, lenye kupanda na kushuka, mkeka mzima ukasikia.

Nikafumbua jicho moja. Nikaona kawa. Kawa bado limefunika. 

Sasa niambieni, sala mtu huigeuza vipi katikati? Mtumbwi nauweza, punda namuweza, lakini sala imekwisha toka mdomoni, iko njiani inapanda, utaivuta mguu? Nikafanya wanavyofanya wajinga wote waliopotea njia, nikaongeza mwendo. Nikaimaliza mbio mbio, nikasema amina, na nyumba ile iliyozoezwa, watoto kwa wakubwa, jikoni na mkekani, wakaitika kwa pamoja, "Amina!" Na kabla sijafumbua jicho la pili, vijana wa Mzee wamesimama, wametoka zao nje kama walivyofunzwa, Mama Debora anaita aletewe kata ya maji ya kunawa, na Debora (mkono ukienda wenyewe kwa mazoea, maskini) amelinyanyua sinia lote, kawa na vyote, amefika nalo mlangoni. Hapo ndipo akasimama. Akalitazama sinia. Akanitazama mimi.



Nikasema, "Mzee, samahani. Nimeanzia mwisho."

Mzee Yona hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. Aliuliza polepole, kama mwalimu. "Umemwambia Mungu kwamba tumekula?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na kwamba tumeshiba?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na sisi sote tukaitika amina?"

"Mliitika, Mzee."

"Basi tumeshiba," akasema, na akajifuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

Mjomba Komora akaruka kama amekanyaga kaa la moto. "Mimi sikuitika! Yona, mimi nishuhudieni, mdomo wangu ulikuwa umefungwa! Mimi si wa kanisa lenu, mimi nina njaa, na Mungu ananiona nina njaa, hata yeye amesikia tumbo likisema!"

"Tumelisikia sote," akasema Mzee Yona. "Lakini mgeni hali peke yake nyumbani kwangu."

"Nitazameni tu! Sioni haya!"

"Komora, mimi naona haya kwa niaba yako."

Nikajaribu kutetea. Nikasema Mungu anaujua moyo wa mtu, anajua nilikosea, na chakula kiko pale kinapoa. Mzee akanijibu kwamba Mungu anajua, ndiyo, lakini watoto wake hawajui, na leo wakimwona baba yao ameshukuru kwa kushiba kisha amekaa kula, kesho watajua kwamba maneno ya mkekani ni kelele tu za kungojea wali. Neno hilo lilinichoma, maana mimi ndivyo nilivyokuwa nikiyafanya tangu utotoni.

Ni Debora aliyetukwamua, akiwa bado mlangoni na sinia lake. Akasema, macho chini lakini sauti ile ile ya kisimani, "Baba, chakula cha mchana kimefungwa, sawa. Lakini cha jioni hakijafunguliwa. Hiki naweza kukipasha moto."

Mzee akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. "Jioni, basi. Jua likizama. Na jawabu la habari iliyowaleta nitalitoa hapo hapo, tukimaliza kula."

Mjomba akanisogelea sikioni. "Jawabu lenyewe nimeshaliona. Liko pale, limefunikwa kawa, linaondoka."

Mchana ule, jamani, ulikuwa mrefu. Jua lilikaa mahali pamoja kama limefungwa kamba. Mjomba alijilaza kivulini nyuma ya nyumba, kila mara akiuliza nani ana habari za jua, na mara moja akatambaa mpaka mlango wa jiko akijifanya anatafuta moto wa kuwashia tumbaku, akafukuzwa kwa mwiko, nikamsikia Mama Debora akimwambia, "Toka, Komora, na hiyo tumbaku yenyewe huna!" Waorma wakapita na ng'ombe wao kwenda kunywesha, na Mjomba akawatazama wale ng'ombe kwa huzuni kubwa, mmoja mmoja.

Wale vijana wa Mzee walikuwa wametoka, na mtu aliyetoka na njaa huwa hafungi mdomo. Kabla ya alasiri kijiji kizima kilikuwa kimejua kwamba kwa Yona kuna mchumba amefunga chakula kabla hakijafunguliwa. Watu wakaanza kupita. Mmoja amekuja kuazima moto, mwingine kurudisha kinu ambacho hakuna aliyekumbuka kumwazima, mwingine anatafuta kuku wake, na kuku hakuwa naye, na wote wakishapita wanasimama palepale uani. Mama mmoja akanisalimu kwa upole sana, "Hujambo, mwanangu. Mmeshindaje? Mmeshiba?" Uani kukalipuka kicheko.

Mimi nilikuwa nimekaa nimeegemea ukuta wa jiko, ule wa matete, ninatafuta ile sala ya kwanza kichwani, ninapata neno hapa, neno pale, kama mtu anayeokota punje mchangani. Ndipo nikasikia sauti ya Debora kutoka ndani, karibu na sikio langu, anaisema polepole, kama anajiimbia huku anapeta mchele. Akaisema mpaka mwisho. Akanyamaza. Akaanza tena. Mara ya tatu nikaisema naye, yeye ndani, mimi nje, ukuta katikati. Nilipokosea alikohoa. Sijawahi kusoma skuli nzuri kama ile.

"Debora," nikamwambia kwa chini, "baba yako atakataa."

"Baba hajakataa bado," akajibu. "Wewe usikimbie tu. Wewe unajulikana kwa kwenda."

Jua likazama. Sinia likaja, kawa juu, na uani watu wamejaa kama siku ya harusi, wote wananitazama mdomo. Nikafumba macho. Nikaisema, ile ya kwanza, yote, bila pambo hata moja, na pale pa kusema viumbe vyote vinamtazama Mungu vikingoja, niliijua maana yake kwa mara ya kwanza maishani, maana mimi mwenyewe utumbo ulikuwa umejikunja kama kamba iliyolowa. Amina. Kawa likafunuliwa. Uani mtu akapiga makofi, akanyamazishwa.

Tukala. Wali ulikuwa umepashwa moto mpaka umeshikana chini, mchuzi wa nazi umekauka pembeni, na sijala chakula kitamu kama kile. Mjomba mkono wake ulikuwa ukienda na kurudi kama pondo mtoni.

Hatimaye Mzee Yona akanawa, akasema, "Mgeni wetu, tufungie."

Nikafumbata mikono, na hapo hofu ikanirudia upya. Nikifunga na kuna mtu hajala? Kawa likirudi halifunuliwi tena, tumekwisha jua. Nikafumbua mikono. Nikasema, "Mjomba, umeshiba?"

"Bado kidogo."

Tukangoja. "Mjomba?"

"Bado, mwanangu. Una haraka ya wapi?"

Uani watu wakaanza kucheka, na nikazunguka mkeka mzima, nikiuliza mmoja mmoja, wewe je, na wewe, mpaka vijana wote wakasema wameshiba na Mjomba naye akakiri kwa shingo upande. Kisha (sijui nini kilinituma) nikageuka kwenye mlango wa jiko nikaita, "Mama, na nyinyi huko?"

 Mama Debora akasema, kwa mshangao, "Sisi? Sisi huwa tunakula baadaye, mkishaomba. Kitakachobaki."

Nikamgeukia Mzee Yona. Sikutaka ukorofi, nawaambia kweli, nilikuwa naogopa tu. Nikasema, "Mzee, nisamehe, siwezi kufunga. Mchana nilimwambia Mungu kwamba nyumba imeshiba na ilikuwa haijashiba. Nikisema tena sasa hivi nitakuwa nimemdanganya mara mbili kwa siku moja."

 Mzee Yona akanitazama. Akatazama sinia. Akatazama mlango wa jiko, kwa muda mrefu, kama ameuona leo. Kisha akasema, "Komora, toa mkono kwenye sinia."

Mjomba akatoa. Vijana wakalibeba sinia mpaka jikoni, na wali uliobaki chunguni ukaongezwa juu, na sisi wanaume tukakaa pale mkekani mikono imefumbatwa tukiwangoja wanawake wale, mbu wakitutafuna tusiweze hata kujipiga kofi, watu wa uani nao wakingoja, na ndani tunasikia tu vijiko na Debora akicheka kitu na mama yake. Walikula polepole. Nadhani walifanya makusudi.

Hatimaye sauti ya Mama Debora ikatoka jikoni, ya mtu aliyeketi vizuri. "Tumeshiba. Sasa fungeni. Na huyo kijana, Baba Debora, usimwache aende."

Mzee Yona akainamisha kichwa, nikaona mabega yanatikisika, nikadhani amekasirika, kumbe anacheka, mtu ambaye kijiji hakikuwahi kumwona akicheka mkekani. Akajipangusa macho. "Nilisema nitamjua kwa sala ya chakula," akamwambia Mjomba. "Nimemjua. Mambo ya harusi tuyazungumze kesho, lakini jawabu langu ndilo hilo la mama yake Debora."

Nikafunga. Ile ya pili, ile niipendayo, na mara hii ilikuwa kweli kila neno. Nilipofika mwisho aliyeitika amina kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mjomba Komora, ambaye si wa kanisa, na akaitika mara mbili, moja akisema ni ya mchana.

Nimekwisha pita arobaini sasa, na miguu bado huniwasha, nimeondoka mtoni na kurudi mara nyingi, na Debora amejifunza kunisubiri na kunigombeza kwa wakati mmoja. Lakini siku ile nilijiapia kiapo na sijakivunja. Nikialikwa kula na nikaombwa niombee chakula, siwi hodari tena. Nauliza mbele ya watu wote, bila haya, "Niseme ipi, ya kwanza au ya mwisho?" Wanacheka. Wacha wacheke. Afadhali wanicheke vinywa vimejaa wali.